Kufuli la Ukurasa wa Kumi na Moja

Kaka yangu alimvunja baba mfupa wa bega asubuhi aliyoamua kukata mibuni. Nilikuwa nimesimama mlangoni pa jiko, ndoo mkononi. Baba alijitupa mbele ya mbuni wa kwanza, ule wa karibu na nyumba, akaukumbatia, na kaka akageuza shoka akampiga kwa mpini. Niliusikia mfupa. Halafu kaka akaendelea kukata. Alikata mistari minne kabla hajapumzika, huku baba amekaa chini anagumia na mama anamfunga mkono kwa kanga.

Soko huria lilikuwa limeanza kutuuma huku milimani Mbinga. Pembejeo zilizokuwa zikiletwa na chama cha ushirika hazikuja tena, na malori ya wanunuzi binafsi yalikuja yakipenda. Kaka alisema kahawa imekufa. Alisema watu wenye akili wanateremka ziwani na nyavu, maana sasa ni ruksa, yeyote anaweza kuvua popote. Akauza kipande cha shamba alichogawiwa, akanunua kokoro, ule wavu mrefu unaozungushwa majini kwa mtumbwi, kisha watu wanaukokota mpaka nchi kavu, kundi moja huku na kundi jingine kule.

Mimi nilikuwa nimeshapata kazi hukohuko ziwani, na siku ile ya mibuni nilikuwa nyumbani kwa likizo tu. Nilirudi kazini bila kumuaga kaka. Miezi michache baadaye nikamkuta amepiga kambi ufukweni, hatua mia mbili kutoka ofisini kwetu, na wanaume kumi na wawili aliowatoa kwetu milimani. Alinicheka. "Dada, unadhani ziwa ni la kwako peke yako?"

Ofisi yetu ilikuwa ya mradi wa uvuvi, katika kijiji kimoja upande wa kwendea Ngumbo ukitoka Liuli. Ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu, sola juu ya bati na jenereta nyuma. Ndani kulikuwa na kompyuta tatu zilizounganishwa kwa waya. Moja ilikuwa yangu. Ya pili ilikuwa ya karani mwenzangu, mwenyeji wa hapo ziwani aliyefundisha hesabu shule ya msingi kwa miaka mingi kabla mradi haujamchukua, na kila mtu alimwita Mwalimu, nami pia. Ya tatu, seva, ilikaa chumba cha nyuma ikitunza mafaili yetu sote.

Kazi yetu ilikuwa zamu. Zamani kila ufukwe ulikuwa na ukoo wake. Nyavu zilipoongezeka watu wakaanza kuumizana, na mwezi mmoja kabla sijafika mtu alitobolewa jicho kwa ncha ya kafi, wagomvi wote wawili wakiwa wamesimama kiunoni majini. Ndipo mradi na serikali ya kijiji wakakubaliana kwamba kila kokoro lipewe siku yake na ufukwe wake, na orodha ibandikwe ubaoni. Ufukwe uliopiganiwa zaidi ni wa kati, kwa kuwa hauna mawe na usipa, wale dagaa wa ziwa letu, hukaribia sana pale.

Programu ya zamu niliiandika mimi, lakini sikuanza na ukurasa mtupu. Mkuu wa mradi alituletea disketi kutoka mjini yenye maktaba. Si maktaba ya vitabu. Ni vipande vya programu ambavyo mtu mwingine ameshavitunga, nawe unaviita ndani ya programu yako: fungua faili lililoko kwenye seva, lisome, liandike, liwekee kufuli. Aliyevitunga alikuwa mhandisi mmoja ambaye nilimjua kwa anwani tu. Pamoja na disketi kulikuwa na mwongozo wa kurasa arobaini, umebanwa kwa pini, umeandikwa kwa Kiingereza. Ukurasa wa kumi na moja ulisema kwamba faili likishawekewa kufuli, hakuna programu nyingine itakayoliandika mpaka kufuli litolewe. Niliupigia mstari kwa kalamu nyekundu nikamwonyesha Mwalimu, maana naye alikuwa anaandika programu yake ndogo ya kusahihisha tahajia za majina na kuchapa orodha za ubaoni.

"Basi hatutagongana," alisema.

"Hatutagongana, Mwalimu."

Tukaendelea hivyo miezi mitano bila tatizo.

Jumatatu moja asubuhi niliingiza zamu za wiki. Kaka nilimweka ufukwe wa kati siku ya Jumatano. Ilipofika saa nne hivi akaja nahodha wa kokoro moja la pale kijijini, mzee mrefu, msomaji wa kanisani, mtu ambaye hata akikasirika sauti yake haipandi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa Jumatano ya kati ni ya wale wa milimani. Walikuwa nayo wiki iliyopita."

Nikaangalia. Alikuwa na haki. Nikafungua faili, nikaliwekea kufuli kama mwongozo ulivyosema, nikambadilisha kaka kumpeleka ufukwe wa mawe, nikamweka mzee Jumatano. Nikamwandikia karatasi, nikaigonga muhuri, nikamkabidhi kwa mikono miwili. Akaikunja akaitia ndani ya kofia yake.

Kilichotokea ofisini asubuhi ile nilikijua baadaye. Mwalimu, kwenye meza yake, alikuwa amelifungua faili hilohilo dakika chache kabla mzee hajaingia. Alikuwa anasahihisha majina. Alipomaliza, mimi nilikuwa nimeshaandika mabadiliko yangu, kufuli sijalitoa bado, naye akahifadhi nakala yake, ile ya zamani, juu ya yangu. Mashine haikulia wala kumkatalia. Jioni akachapa orodha akaibandika. Ubaoni, Jumatano, ufukwe wa kati, lilisomeka jina la kaka yangu.

Jumatano nilikuwa nakunywa chai ofisini nikasikia kelele. Si kelele za kukokota wavu. Hizo zina mpangilio wake, watu wanaitikiana. Nikatoka mbio, kikombe bado nimekishika.

Kokoro la mzee lilikuwa limeshafika nusu. Usipa walikuwa wanaruka ndani ya wavu. Watu wa kaka walikuwa wameingia majini na mtumbwi wao, wanapiga kwa makafi, nao watu wa mzee hawakuweza kujibu bila kuachia kamba. Nilimwona mwanaume mmoja akipigwa kisogoni akaanguka kifudifudi, na mwenzake akamburuta kwa shati huku kamba ameikamata kwa meno. Mzee alikuwa mbele kabisa nchi kavu, amejizungushia kamba kiunoni. Kwa mkono mmoja alikuwa ameinua ile karatasi yenye muhuri.

"Tunayo karatasi!" alisema. "Someni karatasi!"

"Ubao!" kaka akapiga kelele. "Nendeni mkasome ubao, wezi ninyi!"

Kaka alikuwa na panga. Akaja akikimbia kwenye maji mafupi, akaliinua, akakata kamba. Kamba ilikatika mara moja, na wote waliokuwa wanaivuta wakaanguka chali. Mzee hakuanguka. Aliinama akadaka ncha ya kamba iliyokuwa inakimbilia majini, na panga likapanda tena. Nililiona likipanda. Nilipiga ukelele, nikamwita kaka kwa jina lake la nyumbani ambalo mama pekee humwita. Likashuka kwenye kifundo cha mkono.

Mkono haukutoka wote. Ulining'inia kwa ngozi. Mzee aliutazama, akaushika kwa mkono mwingine kama mtu aliyeokota kitu cha jirani yake, akakaa chini mchangani. Damu ilikuwa inaruka kwa vipindi. Mkewe alikuja mbio kutoka kwenye vichanja vya kuanikia usipa, akavua kitambaa cha kichwani, akafunga, akakaza kwa kijiti mpaka damu ikapungua. Hakulia. Alipomaliza kufunga akainua kichwa, akanitazama mimi, si kaka.

Kaka walimpata wengine. Walimwangusha kwenye maji yanayofika gotini, wakampiga kwa makafi ya mninga, na taya lake lilivunjika upande wa kushoto. Alikuwa anajaribu kusema kitu na mdomo haukumtii. Naeleza hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: nilisimama pale, na sehemu yangu moja ilikumbuka bega la baba ikasema apigwe tu.

Halafu mtu akasema, "Dada yake ndiye anayeandika!"

Wakanigeukia. Nilikimbilia ofisini nikafunga mlango, wakauvunja kwa jiwe la nanga. Walioingia kwanza walikuwa wanawake. Mke wa mzee alinishika nywele.

"Umempa mume wangu karatasi, kisha umempa kaka yako ubao," alisema. "Umetuchezea."

"Mama, sikubadilisha. Naapa sikubadilisha!"

"Nani basi? Shetani?"

Alinipiga na kafi lililovunjika. Jino la mbele lilitoka, la pembeni yake likabaki linacheza. Wengine walinikanyaga mgongoni na mapajani. Nilisikia kompyuta yangu ikitupwa sakafuni, kioo kikapasuka kwa mshindo, na mtu akapiga mayowe kwamba inatoa umeme. Mwalimu alikuwa amejifungia chumba cha nyuma na seva. Nilimwita kwa sauti yote niliyokuwa nayo na hakufungua. Waliponiacha ni kwa sababu mgambo walifika na mtendaji wa kijiji, wakapiga firimbi na fimbo. Mimi na mzee tulipelekwa hospitali kwenye gari moja la mradi, yeye amelazwa kwenye godoro nyuma, mimi nimekaa pembeni yake. Barabara ilikuwa mbovu. Kila tukidunda aliuma shati lake.

Waliukata mkono siku hiyohiyo. Kaka alipelekwa Mbinga chini ya ulinzi, taya limefungwa.

Nilirudi ofisini baada ya wiki tatu. Mkuu wa mradi alikuwa ameleta kompyuta nyingine na barua ya kunisimamisha kazi, ila aliiweka mezani bila kunipa. "Nionyeshe kwanza," alisema. "Nionyeshe kwamba hukubadilisha. Nikirudi kutoka Songea nataka jibu."

Nilikaa na mwongozo. Nikausoma kama mtu anayesoma barua ya mdeni, neno kwa neno. Nikaandika programu fupi sana, mistari sita. Kwenye mashine yangu nikafungua faili la majaribio nikaliwekea kufuli. Nikaenda kwenye mashine ya Mwalimu, ambaye alikuwa ametoka kwenda sokoni, nikafungua faili lilelile bila kuomba kufuli, nikaandika ndani yake neno moja: mkono. Nikahifadhi. Nikarudi kwenye mashine yangu, nikasoma. Faili lilisema: mkono.

Nikarudia. Nikarudia mara tisa. Kila mara liliingia kimya. Kisha nikafanya jaribio jingine, mashine zote mbili ziombe kufuli, na hapo ndipo ya pili ilipokataliwa. Kwa hiyo kufuli lilizuia wale tu walioliomba. Programu isiyoomba ilipita kana kwamba hakuna kitu mlangoni. Na programu ya Mwalimu haikuomba kufuli popote. Nilifungua nikaisoma yote.

Aliporudi na kikapu chake sikumsalimu. Nilimpiga na ule mwongozo usoni, kisha nikamrukia kwa ngumi. Alikuwa na umri wa baba yangu. Miwani ilivunjika, kipande kikamkata juu ya jicho, na nyanya zake zikabingirika chini tukazikanyaga. Nilikuwa nampiga na kumwambia: umejua siku zote, ulijifungia, ulinisikia nikiuawa. Hakuinua mkono. Aliegemea ukuta akasubiri mpaka nikachoka.

"Nilikusikia," alisema. "Niliogopa. Hilo ni la kwangu na nitalijibu kwa Mungu. Lakini faili sikujua." Akaokota mwongozo sakafuni, akaufungua ukurasa wa kumi na moja, akaniwekea kidole. Damu ilimdondoka ikaanguka karatasini. "Huu mstari mwekundu ni wako. Niliusoma. Unasema faili likiwa na kufuli hakuna atakayeliandika. Nikajua kwamba, kama wewe umelifunga, mashine itanikatalia mimi. Mashine haikunikatalia. Nikajua hukulifunga."

Nilikaa chini kati ya nyanya, yeye akakaa kwenye kiti. Baadaye nilimwosha lile jeraha kwa maji ya chumvi. Lilimuuma sana, na sitasema kwamba sikulitaka limuume.

Nikamwandikia mhandisi. Nilimweleza jaribio, mistari sita, matokeo. Jibu lilichukua wiki nne. Lilikuwa aya moja ya adabu: kwamba kufuli katika mifumo ya mafaili ya mtandao ni la hiari, kwamba hilo kila mtaalamu analijua, na kwamba mwongozo haukuandikwa kwa wasiojua. Niliisoma nimesimama posta ya Mbinga, ulimi wangu unachezea pengo. Nikanunua bahasha nyingine palepale. Nikamwandikia kwamba nimepokea, na kwamba kwa kuwa yeye hana nafasi ya kuwaandikia wasiojua, mwongozo wao nitauandika mimi.

Ndivyo tulivyoanza, mimi na Mwalimu. Mkuu, alipoliona lile jaribio, alirudisha barua yake mkobani akatupa mwezi mmoja. Tulichukua mwongozo ule sentensi moja moja. Kila iliyosema maktaba inafanya jambo fulani, tuliandika programu ya kujaribu kama inalifanya kweli. Nyingine zilikuwa sahihi. Nyingine zilikuwa uongo wa mtu aliyechoka. Ilisema, kwa mfano, kwamba ukiandika na maktaba ikakujibu sifuri, maandishi yako yamehifadhiwa. Tuliandika, tukapata sifuri, Mwalimu akazima seva ghafla, na tulipoiwasha maandishi hayakuwepo. Jibu lile lilimaanisha seva imepokea tu. Tukaandika hivyo. Tulifanya kwa Kiswahili kwanza, kwa sababu nikiandika kwa Kiingereza nilikuwa najificha nyuma ya maneno makubwa na Mwalimu alikuwa hanishiki. Kwa Kiswahili alinishika kila mara. "Hapa unasema nini?" "Hapa nani anafanya?"

Ukurasa wa kumi na moja tuliuandika mara nyingi na haukukaa sawa. Ndipo nikasema nitampelekea mzee.

Mwalimu alisema nisiende. Nikaenda. Alikuwa amesharudi kwake, amekaa barazani, kigutu kimefungwa kwa kitambaa cheupe. Mkewe aliponiona alishika mchi. Nikasimama mbali.

"Shikamoo, baba."

Hakuitikia. Nilipiga magoti palepale mchangani nikamwambia nimekuja kumweleza jinsi karatasi yake na ubao vilivyotofautiana, na kwamba nimeandika. Mke wake alinijia na mchi ule, akanipiga nao begani mara moja, kwa nguvu, mkono wangu ukafa ganzi mpaka vidoleni. Nilibaki magotini. Akauinua tena. Mzee akasema, "Mwache asome."

Nikasoma. Aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Sijaelewa. Soma tena."

Nilisoma tena. Akauliza: "Hilo kufuli, wewe ulilifunga?"

"Nililifunga, baba."

"Na Mwalimu akaingia."

"Aliingia."

"Alivunja?"

"Hakuvunja. Hakujua kama lipo. Hakuuliza."

Alijikuna juu ya kigutu. "Kwa hiyo anayebisha hodi ndiye anayezuiwa," alisema. "Asiyebisha anaingia tu."

"Ndiyo, baba."

"Basi andika hivyo. Hayo mengine yako ni marefu bure." Halafu akasema, bila kunitazama, "Na uondoke sasa. Nikikuona sana mkono unaniuma, ule usiokuwepo."

Niliandika hivyo. Kufuli hili linamzuia anayebisha hodi peke yake. Programu isiyobisha hodi itaingia, itaandika, na haitaambiwa kitu. Kila programu inayogusa faili hili lazima ibishe hodi, hata ile inayosahihisha majina tu. Chini yake tukaweka mistari sita ya majaribio, ili anayesoma asituamini, ajaribu mwenyewe.

Kesi ya kaka ilisikilizwa Mbinga. Usiku wa kuamkia siku hiyo sikulala nyumbani, nilifikia kwa masista, lakini baba alinifuata asubuhi nje ya mahakama. Bega lake liliunga vibaya. Alikuwa akitembea ameinama upande mmoja. Alinivuta kando.

"Wanasema panga lilishuka mara ngapi ndiyo kesi yenyewe," alisema. "Kama ni mara moja, alikuwa anakata kamba na mzee akaingiza mkono. Kama ni mara mbili, alikusudia."

"Najua, baba."

"Sema mara moja."

"Baba, alikuvunja bega."

"Lilikuwa bega langu," alisema. "Ni mwanangu. Sema mara moja."

Ndani nilieleza kwanza habari ya faili, kwa sababu mtetezi wa kaka alitaka ionekane kwamba alikuwa na haki ya kuwa ufukweni. Hakimu alinisimamisha. "Unataka kuniambia orodha ilijibadilisha yenyewe?" Nikamwomba ruhusa nimsomee ukurasa mmoja. Nilisoma ule wa hodi. Aliandika, akauliza maswali mawili, akaridhika. Watu wa kijijini walikuwa wamejaa nyuma, na nilisikia wakinong'onezana, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile minong'ono yao haikuwa ya kunitaka damu.

Kisha mwendesha mashtaka akauliza panga lilishuka mara ngapi.

Kaka alikuwa ananitazama. Taya lake liliunga limepinda, alifanana na mtu anayecheka upande mmoja. Baba alikuwa benchi la mbele.

"Mara mbili," nilisema. "Mara ya kwanza kamba ilikatika. Mara ya pili alikuwa ameshaiona mikono ya mzee."

Kaka aliruka kutoka kizimbani. Askari wawili walimzuia, akampiga mmoja kwa kichwa puani, damu ikamwagika kwenye shati la kiraia la askari yule, wakamwangusha, na mmoja akamkalia mgongoni. Alikuwa akinitukana kwa Kimatengo, maneno ambayo sitayaandika. Baba hakunitukana. Aliinuka akatoka nje, na nilipomfuata alinipiga kofi kwa mkono wake mzima, akapanda gari la kwenda kwetu akaondoka. Alikaa karibu miaka miwili bila kuongea nami. Kaka alifungwa Songea. Nilikwenda kumwona mara tatu na mara zote alikataa kutoka.

Mradi ulinibakiza. Ufukweni, watu waliamua zamu zipigwe kwa kura mbele ya mtendaji kila Jumapili baada ya ibada, nasi tuandike yale waliyokwisha kukubaliana. Nilikubali bila ubishi. Mke wa mzee hunisalimu sokoni, salamu fupi. Mzee alirudi kuvua, anaongoza kwa sauti, kamba anaishika kwa mkono mmoja na kuikaza kwa kiwiko.

Mwongozo wetu tuliuchapa kurasa hamsini na mbili, tukamtumia mhandisi nakala ya Kiswahili na ya Kiingereza aliyoipitia padri mmoja. Sikutarajia jibu. Miezi ikapita, ikaja bahasha yenye disketi mpya, mwongozo mpya na barua. Alisema amerudia majaribio yetu yote, mawili tumeyakosea na ameyasahihisha, kwa mengine yuko nasi. Ukurasa wa kumi na moja wa Kiingereza alikuwa ameuandika upya karibu na tulivyouandika sisi. Wa Kiswahili hakuubadilisha neno. Majina yetu hayakuwemo, ila anwani ya ofisi tu, na Mwalimu alinuna kwa siku mbili.

Baada ya hapo barua zilianza kuja kutoka ofisi nyingine zilizotumia maktaba ileile. Ya kwanza ilitoka kwa mtu wa misitu, mbali sana na kwetu. Aliuliza jambo ambalo hatukuwa tumeliandika: programu ikiwa imeshika kufuli na waya wa mtandao ukakatika, kufuli hilo linabaki au linaachiliwa? Alisema wanahitaji kujua kabla ya mvua, maana mvua zikianza waya wao hukatika kila siku.

Nilikuwa sijui. Nilimwita Mwalimu akae kwenye mashine yake na miwani yake mipya, nikaenda chumba cha nyuma, nikachomoa waya.